Kudhibiti Damu Katika Upasuaji wa Kitako cha Fuvu Kupitia Pua: Mwongozo kwa Timu, Kuanzia Wodini Tanga

Kitako cha fuvu ni ile sakafu ya mfupa ambayo ubongo umeikalia, na chini ya sehemu yake ya mbele ndipo ilipo pua. Kwa sababu hiyo mpasuaji anaweza kuufikia uvimbe wa tezi ya pituitari, ile tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo, au uvimbe mwingine uliojificha eneo hilo, kwa kupitisha endoskopu, yaani bomba jembamba la kamera lenye kioo kwenye ncha, na vyombo vyembamba katika matundu ya pua bila kupasua kichwa. Mgonjwa hana kovu usoni. Tatizo ni kwamba nafasi ya kufanyia kazi ni finyu mno, na damu ikitoka haina pa kwenda ila mbele ya kioo.

Ndiyo maana naomba msomaji aitazame damu kwanza kama kizuizi cha macho, kisha kama hasara ya mwili. Tumbo likiwa limefunguliwa, kijiko kimoja cha chai cha damu hufutwa kwa gozi na kazi ikaendelea. Endoskopu tunayoitumia ina kipenyo cha milimita 4, hivyo tone moja likitua kwenye kioo chake skrini nzima inakuwa nyekundu, na mpasuaji anabaki na drili mkononi akiwa haoni mshipa uliopo milimita chache mbele yake. Hatua zote zinazofuata zina lengo la kumwezesha mtu huyo aendelee kuona.

Wagonjwa wetu wa Tanga hupelekwa Dar es Salaam kwa upasuaji huu, safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 300, na wengi huonwa na timu za Muhimbili na za Taasisi ya Mifupa, MOI. Hata hivyo, sehemu ya kazi ya kuzuia damu hufanyika huku kwetu, wiki mbili au tatu kabla ya mgonjwa kupanda basi, na sehemu nyingine huturudia baada ya yeye kushuka.

Hatua ya kwanza: historia ya mgonjwa, kabla ya rufaa

Kuuliza "Unatumia dawa gani?" hakutoshi. Mzee mmoja wa Chumbageni aliniambia mara mbili kwamba hatumii dawa yoyote. Nilipobadili swali na kumwuliza, "Mzee wangu, asubuhi kabla ya chai, kuna kidonge chochote unachomeza?" akajibu bila wasiwasi, "Ah, kuna kile kidogo cha moyo, mwanangu, lakini kile si dawa, ni mazoea tu." Kile kidogo kilikuwa aspirini, na alikuwa amekimeza kila siku kwa miaka minne.

Aspirini huziharibu chembe sahani za damu, zile zinazoanzisha kuganda, kwa muda wote wa uhai wake, kwa hiyo athari yake huisha pale tu mwili unapotengeneza nyingine; tunahesabu siku 7 hadi 10. Klopidogreli huachwa siku 5 hadi 7 kabla, na warfarini kiasi cha siku 5, kisha kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kirudiwe ili kuhakikisha kimeshuka chini ya 1.5. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wetu hununua dukani kama karanga, nazo ziachwe. Usimwachishe mgonjwa dawa hizi kwa uamuzi wako peke yako ikiwa ana stenti ya moyo, vali ya bandia au historia ya kiharusi. Zungumza kwanza na daktari aliyemwandikia. Uliza pia kuhusu dawa za asili. Kitunguu saumu cha mchuzini hakina neno, lakini kile kinachotwangwa na kumezwa kwa wingi kama tiba kinaweza kupunguza kuganda kwa damu.

Ukanda wetu wa pwani umeishi na malaria kwa vizazi vingi, na kwa sababu hiyo vinasaba vya selimundu ni vya kawaida hapa. Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kushushiwa presha wala kuachwa na baridi au kiu mezani, kwa hiyo mbinu kadhaa nitakazozieleza hapa chini hazimfai, na timu ya Dar es Salaam lazima ijue hilo kabla hajafika. Pima wingi wa damu na kundi lake, andika presha ya siku tatu tofauti badala ya ya siku moja, na waelekeze ndugu wakachangie damu mapema kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Ndugu wakianza kutafutwa kwa simu wakati mgonjwa yuko mezani, mmeshachelewa.

Kuna onyo moja ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila kliniki ya masikio, pua na koo. Kijana wa kiume wa umri wa balehe, mwenye tundu moja la pua lililoziba na linalotoka damu mara kwa mara, achukuliwe kuwa ana anjiofibroma mpaka picha ithibitishe vinginevyo. Uvimbe huo si saratani, lakini umejaa mishipa ya damu isiyo na misuli ya kujibana, na ukiukata hauachi kuvuja wenyewe. Nimewahi kumpokea kijana wa namna hiyo kutoka kituo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja, ambako mtu mwenye nia njema alikata kipande kidogo ili kipelekwe maabara. Alifika kwetu na taulo la tatu likiwa limelowa. Mgonjwa wa aina hii hapimwi kwa kukatwa nyama. Anapelekwa kwenye CT na MRI, na kabla ya upasuaji mishipa inayolisha uvimbe huzibwa kwa njia ya anjiografia, yaani picha ya mishipa inayopigwa kwa kupitisha mpira mwembamba ndani yake, kwa kawaida siku moja hadi tatu kabla.

Hatua ya pili: kuisoma picha

Picha ya CT hutuonyesha mifupa, na MRI hutuonyesha uvimbe na mishipa. Mpasuaji huketi nazo siku ya kabla na kujibu maswali machache. Ateri mbili za karotidi, zile kubwa zinazolisha ubongo, zinapita pande mbili za pango la sfenoidi, yaani uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa nyuma kabisa ya pua. Je, zimeachana kwa kiasi gani? Kwa kawaida nafasi kati yake inazidi sentimita moja, lakini kwa watu wengine hupungua hadi milimita 4, jambo ambalo ni bora kulijua ukiwa umeketi na karatasi kuliko ukiwa umesimama na patasi. Je, mfupa unaozifunika upo, au kwa mgonjwa huyu mshipa umefunikwa na utando peke yake? Je, kuta ndogo zilizomo ndani ya pango zimeshikamana na mfereji wa karotidi? Ukuta wa namna hiyo haunyongwi wala kuvunjwa kwa koleo, bali husagwa polepole kwa drili, kwa sababu ukiuvunja unaweza kung'oka pamoja na ukuta wa ateri.

Walio katika hatari zaidi ni waliowahi kufanyiwa upasuaji huohuo, waliopigwa mionzi, na wenye homoni ya ukuaji iliyozidi, ambao karotidi zao mara nyingi hupinda kuelekea katikati.

Hatua ya tatu: kitanda na usingizi

Mtaalamu wa usingizi ana mchango mkubwa katika kuzuia damu, pengine kuliko chombo chochote kilichomo kwenye trei. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa digrii 15 hadi 20 ili damu ya vena ishuke kuelekea moyoni. Zaidi ya hapo haishauriwi, kwa kuwa vena iliyofunguka juu sana ya usawa wa moyo inaweza kufyonza hewa. Shingo isipindwe kiasi cha kubana vena zake, na kamba ya kufungia mpira wa hewa isizungushwe shingoni.

Dawa za usingizi zinazovutwa hupanua mishipa. Pale zinapopatikana propofoli na remifentanili za kuchoma kwenye vena, uwanja wa kazi huwa mkavu zaidi, hasa kwa sababu moyo hupiga polepole. Tunapenda mapigo yakaribie 60 kwa dakika. Wastani wa shinikizo la ateri wa milimita 65 hadi 70 za zebaki hutosha kwa mtu mzima mwenye afya. Mgonjwa aliyezoea presha ya juu asishushwe hadi hapo, maana ubongo na figo zake zimezoea kiwango kingine, na ndiyo sababu ya kudai presha ya siku tatu kutoka wodini.

Asidi ya traneksamiki, ambayo Utako Okamoto na mumewe Shosuke waliieleza nchini Japani mwaka 1962, huzuia damu iliyoganda isiyeyuke. Hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, taratibu kwa dakika 10 kabla ya kuanza. Mwenye historia ya kuganda kwa damu miguuni au mapafuni, au ya kifafa, afikiriwe mara mbili, na mwenye figo dhaifu apunguziwe.

Mpasuaji na mtaalamu wa usingizi wawe na lugha moja ya kusemezana. Kipimo cha Boezaart cha mwaka 1995, cha kupima jinsi damu inavyozuia kuona, huhesabu kutoka 0, yaani hakuna damu, hadi 5, ambapo damu hurudi kabla bomba la kufyonza halijatolewa na kazi haiwezekani. Kusema "sasa tuko tatu" kunaeleweka haraka kuliko kulalamika kwamba damu ni nyingi.

Hatua ya nne: kuandaa pua

Hapa panahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa adrenalini, dawa ya kubana mishipa, huja hapa kwa aina mbili: adrenalini mbili za nguvu tofauti hukaa juu ya meza moja. Ya kwanza ni ya 1:1000, yenye miligramu 1 katika kila mililita 1. Hii hulowekwa kwenye vipande vya pamba na kupakwa tu. Ya pili ni ya kuchoma pamoja na lignokaini, dawa ya ganzi, yenye nguvu ya 1:100,000, na huipati kwa kukisia: chukua mililita 0.1 ya ile kali, uichanganye katika mililita 10 za lignokaini. Ile kali ikichomwa kwa makosa inaweza kumwua mgonjwa. Kwa hiyo ya kupaka ikae katika bakuli lenye maandishi makubwa, itiwe rangi ikiwezekana, na isivutwe kamwe kwenye bomba la sindano baada ya kumiminwa. Muuguzi aitamke kwa sauti kila anapoipitisha.

Vipande vya pamba vikamuliwe hadi visidondoke, viwekwe chini ya uangalizi wa endoskopu badala ya kusukumwa kwa kubahatisha, kisha timu ingoje dakika 10 kamili kwa saa ya ukutani. Vijana wengi hungoja dakika 3, kisha wanatumia nusu saa kufuta damu. Kila kipande kiwe na uzi, na kihesabiwe kinapoingia na kinapotoka. Hesabu hiyohiyo ihusishe gozi lililowekwa kooni kuzuia damu isishuke tumboni. Liandikwe ubaoni, maana gozi hilo likisahaulika humkaba mgonjwa anapoamka.

Hatua ya tano: damu inatoka wapi?

Kabla ya kutumia chombo chochote jiulize chanzo. Damu inayotiririka kidogokidogo kutoka kila mahali ni ya utando wa pua. Dawa yake ni subira na maji ya chumvi yaliyopashwa hadi nyuzi joto 40, yakimiminwa kwa dakika kadhaa. Tumia kipimajoto, usitegemee mkono wa mtu. Maji haya husafisha kioo, huosha mabonge, na huchochea kuganda, yote kwa gharama ya dripu moja.

Damu inayochuruzika kutoka kwenye mfupa huzibwa kwa nta ya mifupa, au kwa drili ya kichwa cha almasi iliyozungushwa juu yake kwa wepesi na maji kidogo, ili vumbi la mfupa lizibe vitundu. Karibu na mshipa wa fahamu wa jicho usifanye hivyo, kwa sababu joto lile huweza kuudhuru.

Damu nyekundu inayorukaruka kwa mapigo, ukiwa bado puani, mara nyingi ni ya matawi ya ateri ya sfenopalatini, ile inayolisha sehemu ya nyuma ya pua. Tawi la nyuma la ukuta wa pua hupita mbele ya pango la sfenoidi, chini kidogo ya mlango wake, na hukatwa na kila anayepanua mlango huo kuelekea chini bila kufikiri. Lichomwe kwa dayathemi (chombo cha kuchoma kwa umeme) ya ncha mbili, isipokuwa upande ule ambako umepanga kuchukua pazia la utando la kuzibia tundu mwishoni. Pazia hilo, ambalo madaktari wa Rosario nchini Argentina walilichapisha mwaka 2006, linalishwa na tawi hilohilo, na ukilichoma umelinyima uhai. Ateri ya etmoidi ya mbele, inayotoka kwenye tundu la jicho na kupita juu ya pua, ina tabia mbaya zaidi: ikikatwa hujivuta ndani ya tundu la jicho na kuvuja humo, jicho likatokeza na kuwa gumu. Kwa sababu hiyo macho ya mgonjwa yaachwe wazi yaonekane muda wote, na muuguzi apewe kazi ya kuyatazama.

Damu nyeusinyeusi inayojaa kama maji ya kisima, bila mapigo, hutoka katika sinasi ya kavanosi, yaani mfuko wa damu ya vena ulio pembeni mwa tezi ya pituitari, au njia zinazounganisha sinasi za pande mbili. Inatisha kwa wingi wake, lakini shinikizo lake ni dogo. Weka sponji ya jelatini iliyolowa thrombini (kimeng'enya cha kugandisha damu), juu yake kipande cha pamba, bonyeza taratibu, mwagia maji ya uvuguvugu, na ngoja dakika mbili au tatu bila kuchungulia. Usishindilie, kwani ndani ya sinasi hiyo na ukutani mwake hupita mishipa ya fahamu inayosogeza jicho. Vilevile selulosi ya kuzuia damu isiachwe kwa wingi karibu na njia panda ya mishipa ya kuona, kwa kuwa hufura ikilowa. Vijiateri vidogo vinavyolisha njia hiyo havichomwi kamwe, hata vikivuja. Vinamwagiwa maji na kungojwa.

Hatua ya sita: karotidi ikitoboka

Katika upasuaji wa kawaida wa pituitari jambo hili ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja katika kila mia, lakini huongezeka katika uvimbe wa mifupa ya eneo hilo. Likitokea skrini hugeuka nyekundu kwa sekunde moja. Mpasuaji atamke kwa sauti: "Karotidi." Neno hilo moja liwe limekubaliwa asubuhi, na kila mmoja awe anajua analolifanya akilisikia.

Msaidizi ahamishie endoskopu kwenye tundu la pua lililo mbali na mruko wa damu, ili ukuta wa katikati wa pua ukilinde kioo. Mabomba mawili makubwa ya kufyonza yafanye kazi kwa pamoja. Moja likae karibu na tundu na kuuelekeza mruko upande, jingine lisafishe njia. Mtaalamu wa usingizi aanze kuongeza damu na maji, na airudishe presha katika hali ya kawaida badala ya kuishusha, kwa sababu nusu ya ubongo sasa inategemea damu inayovuka kutoka upande wa pili. Mtu mwingine achukue kipande cha msuli kutoka paja la mgonjwa, sehemu iliyokwisha safishwa na kufunikwa tangu mwanzo, chenye ukubwa wa sentimita 2 kwa 1.5 hivi. Kipondwe kati ya bakuli mbili za chuma hadi kilegee, kiwekwe juu ya tundu na kushikiliwa kwa dakika 8 hadi 12. Msuli uliopondwa huachia vitu vinavyochochea damu kuganda. Mpasuaji wa pua Peter-John Wormald na wenzake wa Adelaide, Australia, ndio walioijaribu mbinu hii kwa kondoo waliolazwa usingizi na kuwafundishia wapasuaji kwa mfano huo.

Msuli ukikosekana, gozi hutumika, lakini kwa kiasi. Likishindiliwa mno hufunga ateri yote na kuleta kiharusi. Damu ikitulia mgonjwa haamshwi bali hupelekwa moja kwa moja kwenye anjiografia. Hata kama picha ya kwanza ni safi hurudiwa baada ya wiki moja hivi na tena baadaye, maana ukuta ulioumia huweza kufanya kifuko, yaani aneurizimu bandia, ambacho hupasuka siku nyingine kabisa.

Zoezi la kichwa cha mbuzi

Hakuna anayejifunza hayo siku yenyewe. Hapa Tanga tunafanya zoezi ambalo gharama yake kubwa ni kichwa cha mbuzi kutoka bucha ya Ngamiani, na mwenye bucha ameshazoea kutuuliza kama supu ilikuwa nzuri. Tunapitisha mpira wa dripu nyuma ya pua ya mbuzi, ukiwa na tundu dogo la sindano nene, na kuuunganisha na mfuko wa plastiki wa maji yaliyotiwa juisi ya rozela. Mfuko tunauzungushia kitambaa cha mashine ya presha na kukijaza hadi 120. Badala ya endoskopu tunatumia ile kamera ya waya ya mafundi magari inayochomekwa kwenye simu.

Mara ya kwanza juisi ilipofunguliwa, mwenzangu aliyeshika kamera aliivuta nje na kuifuta kwa gauni. Ndivyo karibu kila mtu anavyofanya. Alipoirudisha hakuona tena tundu lilipo, na katika muda wa kulitafuta mfuko mzima ulikwisha. Mara ya nne alibaki ndani, akasogea upande wa pili, akamwacha mwenye bomba afyonze, na tundu likaonekana: duara dogo lenye ukingo mweupe, na mstari mwembamba wa rozela ukipinda kuingia kwenye bomba. Tuliweka nyama iliyopondwa na kuhesabu dakika kwa saa ya simu. Dakika nane ni ndefu kuliko unavyofikiri. Mkono huanza kutetemeka kwenye dakika ya tano, kwa hiyo tumekubaliana mapema nani ampokee nani, na kwa maneno gani.

Hatua ya saba: mgonjwa akirudi Tanga

Mgonjwa aamshwe bila kukohoa na kutapika, na presha yake ichungwe usiku wa kwanza. Kwa wiki kadhaa asipenge kamasi, asiinue mizigo, na akipiga chafya afungue mdomo. Damu ya kuchelewa, hasa ya matawi ya sfenopalatini, huweza kutokea wiki moja au mbili baadaye, wakati ambapo tayari yuko Mzingani au Muheza na daktari wake yuko mbali.

Atakayempokea zahanati amketishe, amwinamishe mbele, na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Asimwingizie mpira wa chakula kupitia puani, wala asisukume gozi au mpira wa puto kwa kubahatisha, kwa sababu sakafu ya fuvu iliyozibwa juzi inaweza kutobolewa na kitu chochote kigumu. Hewa ya mashine kwa barakoa isitumike bila kuongea na timu ya upasuaji. Damu nyingi iliyotoka ghafla na kukoma yenyewe isimpe mtu faraja: huenda ni kifuko cha karotidi kinachoonya, na mgonjwa huyo arudi Dar es Salaam siku hiyohiyo, na muuguzi akiwa kando yake.

Wagonjwa wetu sasa tunawapa kadi ndogo iliyofunikwa plastiki, ya kukaa pamoja na kitambulisho. Ina namba ya simu ya timu, tarehe ya upasuaji, na mistari miwili kwa herufi kubwa: "Nimefanyiwa upasuaji wa kitako cha fuvu kupitia pua. Usiniingizie kitu chochote puani kabla hujapiga namba hii."